Hedifoni za kufuta kelele: Mnunuzi Levolosi ajihadhari na maneno ya boksi

KATA ya Levolosi, jijini Arusha, si mahali pa kutafuta kimya. Honi za daladala, pikipiki, wapiga debe na spika za wachuuzi zinazorudia bei ile ile tangu asubuhi hadi jioni ndiyo sauti ya eneo hilo lililo jirani na soko la Kilombero. Haishangazi basi kwamba hedifoni zisizo na waya, zinazodaiwa kufuta kelele, zimekuwa bidhaa ya kawaida kwenye maduka ya vifaa vya simu, zikining'inia pamoja na chaja na makava.

Swali linalopaswa kuulizwa ni hili: je, anayelipa anapata kile kilichoandikwa kwenye boksi? Kwa muuza mboga anayesafiri usiku kufuata mzigo, au dereva wa watalii anayerejea nyumbani baada ya siku kadhaa porini, fedha hiyo hutoka kwenye mtaji. Akikosea, hana pa kuirudisha.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya wazo hilo nchini Marekani mwaka 1936. Kampuni ya Bose ilianza kuuza hedifoni za aina hiyo kwa marubani mwaka 1989, na mwaka 2000 ikazileta kwa abiria wa kawaida. Baadaye Sony, Apple na kampuni nyingi za China ziliingia sokoni, na bei ikaanza kushuka.

Kifaa hicho kina vipaza sauti vidogo vinavyonasa kelele ya nje, kisha hutengeneza wimbi la sauti lililo kinyume chake. Mawimbi hayo mawili yakikutana sikioni, hufutana. Mbinu hiyo hufanya kazi vizuri kwa muungurumo mzito usiobadilika, kama wa injini ya basi au ndege. Sauti za watu, honi na kilio cha mtoto hupungua kidogo tu, na hapo msaada mkubwa hutoka kwenye sponji au mpira unaoziba sikio sawasawa. Anayeahidiwa kwamba hatasikia chochote anadanganywa.

Mtego wa kwanza uko kwenye herufi tatu. Boksi likiandikwa ANC, maana yake kelele inafutwa kwa anayesikiliza. Likiandikwa ENC, maana yake ni kwamba kipaza sauti kinachuja kelele wakati wa kupiga simu, ili mtu wa upande wa pili asikie vizuri. Mvaaji mwenyewe hapati kimya chochote cha ziada. Wapo wauzaji wasioijua tofauti hiyo, na wapo wanaoijua wakakaa kimya.

Bahati nzuri, kupima hakuhitaji mtaalamu. Mnunuzi avae hedifoni bila kuwasha muziki, asimame karibu na gari linalounguruma, jenereta au feni kubwa, kisha awashe na kuzima kitufe cha kufuta kelele mara tatu au nne. Ikiwa ni ya kweli, muungurumo utashuka papo hapo na kurudi kinapozimwa. Ikiwa kinacholia ni mlio wa kitufe tu na muungurumo uko pale pale, hiyo ni hedifoni ya kawaida iliyovaa jina kubwa.

Suala la majina makubwa linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchini kote. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu kila simu ina namba yake ya utambulisho, na mwananchi aliweza kuihakiki kabla ya kununua. Hedifoni haina namba ya aina hiyo wala haijiungi na mtandao wa simu, hivyo hakuna mtambo unaoweza kuizima. Tume ya Ushindani (FCC) ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, lakini haiwezi kusimama kwenye kila kibanda. Kwa maneno mengine, kwenye simu serikali ilichuja; kwenye hedifoni mnunuzi anachuja mwenyewe. Risiti ya EFD na waranti yenye anwani ya duka ndiyo silaha yake.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya anasa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau masikio. Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) viliweka mwaka 2019 kiwango cha usikilizaji salama kwa mtu mzima: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila sauti inapopanda kwa desibeli tatu, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, kwenye desibeli 86 zinabaki saa 10 tu.

Safari ya basi kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, na saa 10 barabarani si jambo la ajabu. Abiria anayeongeza sauti ili ashinde injini anaweza kumaliza fungu la wiki nzima kabla hajafika. Hapo ndipo faida ya kweli ilipo: muungurumo ukipungua, hakuna sababu ya kupandisha sauti. Lakini mwenye hedifoni nzuri akiendelea kusikiliza kwa sauti ya juu, amepoteza fedha na masikio pia.

Kuhusu bei, hesabu ifanywe kwa miezi, si kwa siku ya kununua. Tuchukue mfano wa hedifoni ya shilingi 60,000 inayokufa baada ya miezi sita: hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Ya shilingi 300,000 ikidumu miaka minne ni shilingi 6,250 kwa mwezi. Rahisi imekuwa ghali. Hata hivyo, hesabu hiyo ina maana tu ikiwa ile ya bei kubwa ni halisi, na ikiwa sponji na betri yake vinaweza kubadilishwa na fundi. Zile ndogo za kuchomeka sikioni zina betri ndogo iliyogandishwa ndani. Ikichoka, mara nyingi kifaa kizima kimekwisha.

Msafiri wa ndege achague yenye tundu la waya, kwani skrini nyingi za kwenye viti haziungi kwa Bluetooth. Anayesikiliza redio na taarifa za bei za mazao akiwa nyumbani hana haja ya kulipia kufuta kelele. Dereva wa bodaboda asivae kabisa akiwa barabarani. Naye mkulima anayeendesha mashine ya kupukuchua mahindi anunue vizuia sauti vya kazini, kwa sababu hedifoni za muziki hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Wauzaji nao wana la kufanya. Duka litakalomruhusu mteja kupima karibu na injini, likamweleza tofauti ya herufi zile tatu na kumpa risiti, huenda likauza hedifoni chache leo. Lakini mteja huyo atarudi, tena na wenzake. Yule anayeuza boksi bila kumruhusu mteja kulifungua anajua kilichomo.