Mahekalu ya Chennai na Wakfu wa Kwetu

Si wachache katika visiwa vyetu waliopata kufika Chennai, mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Wengi hupelekwa huko na maradhi, yao wenyewe au ya jamaa zao. Na tangu mwaka 2023, ilipofunguliwa Bweleo skuli ya Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras, maofisa wetu nao wamepata sababu nyingine ya kwenda na kurudi. Lakini tukiulizwa tuliyoyaona huko, aghalabu tunataja hospitali, maduka ya nguo na joto. Sisi pia tulikwenda kwa ajili ya mgonjwa. Siku za kungoja majibu ya daktari ni ndefu, na katika siku hizo tuliingia katika nyua za mahekalu mawili ya kale. Tuliyoyakuta humo yanatuhusu kuliko tulivyodhani.

Kwanza yafaa tulimalize suala ambalo wasomaji wetu wengi watakuwa wameshaanza kulikumbuka: Muislamu ana shughuli gani katika hekalu la Mabaniani? Jawabu letu ni kwamba kuangalia si kuabudu. Chuoni tulifundishwa tauhidi, na katika chuo hicho hicho tulifundishwa kuwa haifai kuvitukana vile waviabuduvyo wengine. Isitoshe, wenyewe wamekwisha weka mpaka. Mgeni huvua viatu vyake nje, huingia uani, huangalia, na akifika penye mlango wa ndani hukuta ubao unaosema kuwa kuanzia hapo ni kwa Wahindu peke yao. Hatukuona udhia wowote katika jambo hilo. Mwenye kutaka kwenda na aelewe tu kwamba milango hufungwa tangu adhuhuri mpaka kiasi cha saa 10 za jioni, asije akaunguza nyayo bure juu ya mawe ya barabarani.

Mji wenyewe, kama unavyojulikana leo, ulianza mwaka 1639, wakati Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India ilipopata kipande cha ufukwe na kujenga ngome. Waliuita Madras, na jina hilo lilidumu hadi 1996. Lakini mahekalu yaliwatangulia Waingereza kwa karne nyingi. Hekalu la Parthasarathy, katika mtaa wa Triplicane, ni la zama za wafalme wa Pallava, katika karne ya 8, na limo ndani yake andiko la mawe la mfalme Dantivarman wa ukoo huo. Vitongoji vilivyolizunguka vilikuwa vikiishi, vikilima na kufanya biashara wakati hapakuwa na mzungu hata mmoja katika pwani ile.

Hekalu la Kapaleeshwarar, katika mtaa wa Mylapore, lina habari ya ajabu zaidi. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba hekalu la asili lilikuwa karibu na bahari, na kwamba Wareno walilibomoa katika karne ya 16, walipojiimarisha mahali walipopaita San Thome. Hao ndio Wareno wale wale walioiteka na kuipora Kilwa mwaka 1505, wala hatuhitaji kuelezwa tabia zao. Wenyeji wakajenga upya, mbali kidogo na ufukwe. Ule mnara wa lango la mashariki, wenye urefu wa mita zipatazo 37, uliojaa masanamu ya rangi kutoka chini hadi kileleni, ambao kila mgeni huupiga picha akiamini kuwa ni wa miaka elfu, ulijengwa mwaka 1906. Kwa hivyo mnara huo ni mdogo kwa umri kuliko Beit el Ajaib yetu, iliyojengwa mwaka 1883.

Tulipolitambua hilo tulisimama tukatafakari. Iliyo kongwe pale ni ada, yaani watu kurudi mahali pale pale kila siku asubuhi na jioni, na kutengeneza kila kinachobomoka. Ipo desturi katika mahekalu ya Watamil kwamba kila baada ya miaka ipatayo 12 jengo lote hukarabatiwa, hupakwa rangi, na kisha hufanyiwa sherehe kubwa ya kumiminiwa maji juu ya vilele vyake. Kapaleeshwarar ilifanyiwa hivyo mwaka 2016. Maana yake ni kwamba hakuna kizazi kinachoweza kusema hakijui zamu yake ya kutengeneza ni lini. Hawangoji ukuta uanguke.

Ada peke yake, hata hivyo, hainunui chokaa. Mahekalu haya yana mali: mashamba, viwanja, nyumba na maduka, vilivyotolewa na wafalme, matajiri na watu wa kawaida kwa karne nyingi ili mapato yake yaendeshe ibada na ukarabati. Msomaji wa Zanzibar hana haja ya maelezo marefu hapa. Sisi tunakiita kitu hicho wakfu, ingawa dini ni mbali mbali.

Na pale penye mali ya Mungu, binadamu hawakosi kunyoosha mikono. Mwaka 1817 Kampuni ya Waingereza ilizitia mali za mahekalu ya Madras chini ya uangalizi wa Bodi yake ya Mapato. Mwaka 1863 serikali ya kikoloni ikajitoa na kuwaachia wadhamini. Malalamiko ya wizi yakazidi, na sheria ya 1925 ikairudisha serikali. Leo, chini ya sheria ya 1959, idara maalumu ya serikali ya jimbo inasimamia mahekalu zaidi ya 36,000. Wapo wanaopiga kelele kwamba serikali iyaachie mahekalu kwa waumini. Wapo wanaojibu kwamba kabla ya mkono wa serikali, mamilioni ya watu wa tabaka za chini hawakuruhusiwa hata kukanyaga kizingiti. Kwamba ni sheria ya mwaka 1947 iliyowafungulia milango katika jimbo lote. Na kwamba ni serikali hiyo hiyo iliyowapa kazi ya ukuhani, mwezi wa Agosti 2021, watu waliosomea kazi hiyo bila ya kujali tabaka walilozaliwa. Sisi, ambao siasa yetu imejengwa juu ya usawa wa binadamu, hatuoni haya kusema kwamba katika hili tuko upande wa milango iliyo wazi.

Lakini tusiifanye serikali kuwa malaika. Mwaka 2017 wataalamu wa UNESCO, waliokagua baadhi ya mahekalu ya jimbo hilo kwa kutakiwa na Mahkama Kuu ya Madras, waliikosoa vikali kazi ya ukarabati iliyokuwa ikifanywa na watu wasio na ujuzi. Mwezi wa Juni 2021 Mahkama hiyo ikatoa maagizo 75 juu ya hifadhi ya mahekalu na mali zake. Mwaka huo huo idara ilianza kuziweka hadharani kumbukumbu za ardhi za mahekalu, ili mwananchi yeyote aweze kuzisoma na kujua kipi ni cha nani.

Hapa ndipo mambo ya Chennai yanapogeuka kuwa ya Malindi, Shangani na Kiponda. Mji Mkongwe wetu una mamlaka yake tangu 1985, na umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Hata hivyo, Beit el Ajaib ilianguka sehemu ya kibaraza chake mwaka 2012, na tarehe 25 Disemba 2020 ikaanguka sehemu kubwa zaidi, wakafa watu wawili. Nyufa zilikuwa zimeonekana zamani. Zilizokosekana ni zamu na tarehe.

Nyumba nyingi za mji huo ni za wakfu. Kila mtu anayeishi humo anaijua hadithi: kodi ni ndogo, mpangaji anasema paa ni kazi ya Kamisheni, Kamisheni inasema kodi haitoshi kununua boriti, na mvua ya masika haisikilizi upande wowote. Na pale fedha zinapopatikana, fundi huja na saruji akaubandika ukuta wa chokaa, unyevu ukafungwa ndani, na baada ya misimu michache plasta hubanduka pamoja na ukuta wenyewe. Waliouweka wakfu ule walikusudia thawabu ya kudumu, na sisi tulio warithi wa amana yao tunawalipa kwa magofu.

Tunashauri, basi, kwamba ujumbe ujao utakaokwenda Chennai kwa shughuli za elimu au afya utengewe siku mbili za kuonana na watu wa idara ile ya mahekalu. Wasiende kupiga picha za mnara. Waulize jinsi daftari la ardhi lilivyotayarishwa hata likaweza kusomwa na mtu wa mtaani, nani aliyepinga, na wapangaji wenye malimbikizo walitendewa nini. Waulize pia habari za makosa ya ukarabati, kwani makosa ya wenzetu ni elimu tuliyopewa bila ya malipo. Kisha warudi na jawabu la suala moja ambalo wananchi wa Unguja na Pemba wanayo haki ya kuliuliza: daftari la mali zote za wakfu, jengo kwa jengo na shamba kwa shamba, pamoja na tarehe ya mwisho ya kila moja kutengenezwa, litabandikwa lini hadharani?

Tulipotoka Triplicane jua lilikuwa linatua. Si mbali na Parthasarathy upo Msikiti Mkuu wa Wallajah, uliojengwa mwaka 1795. Wenyeji walitwambia, na jambo hilo linajulikana sana mjini, kwamba katika mwezi wa Ramadhani futari ya msikiti huo hupikwa na kugaiwa na Wahindu wenye asili ya Sindh, ambao wazee wao walikimbilia Madras baada ya mgawanyiko wa 1947. Wamefanya hivyo kwa miongo kadhaa. Tulisali magharibi hapo, tukarudi hospitali kumuangalia mgonjwa wetu.