Jamaa na Afya: Kuogelea Bila Kuishiwa na Pumzi

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kusafisha jerikani za maji ya kunywa. Mwezi huu tunabaki kwenye maji, lakini ni yale maji makubwa tunayoyajua wote: Ziwa Albert.

Wiki kadhaa zilizopita mama mmoja alitutembelea. Hakuleta barua, alileta swali. Kijana wake ana miaka 16 na amejifunza kuogelea kule mwaloni, ambako mjomba wake anavua samaki. Lakini akienda kama hatua ishirini tu, anatoka akihema, moyo unamdunda. Na bado anataka kupanda mtumbwi wa usiku pamoja na wenzake. Mama akatuambia: "Baba yake alibaki mu ile ziwa. Mi sitaki mutoto naye aende. Lakini nikimukataza, anaenda kwa kufichama. Nifanye nini?"

Tulikaa kimya kidogo. Wengi wetu tulivuka ziwa hilo mwanzoni mwa 2018, tulipokimbia vita ya Ituri, na si wote tuliopanda mitumbwi tulishuka. Kabla ya hapo, mwezi wa Machi 2014, mtumbwi uliowabeba wenzetu waliokuwa wanarudi Congo ulipinduka, na miili zaidi ya 100 ilitolewa majini. Kwa hiyo hatukuweza kumwambia mama kwamba hofu yake ni bure. Si bure.

Lakini tulimwambia jambo moja: anayejua kuogelea hatua ishirini anaweza kujiweka hatarini kuliko asiyejua kabisa. Asiyejua anaogopa, anakaa pembeni. Anayejua kidogo ndiye anayeingia mahali pa kina. Kama kijana ameshaanza, afadhali afundishwe mpaka mwisho, tena mbele ya macho ya wazazi.

Kwa nini anachoka haraka?

Kijana huyu ana nguvu, anabeba jerikani la lita 20 kutoka bombani bila kupumzika. Basi shida si misuli. Tumewauliza wavuvi wazee, nasi tumejiangalia wenyewe, tukaona makosa matatu.

La kwanza ni kushikilia pumzi. Mtu anaweka uso majini, anafunga kinywa, na akiinua kichwa anataka kutoa pumzi na kuvuta nyingine kwa mara moja. Hawezi. Baada ya mara nne au tano kifua kinajaa hewa iliyotumika, anaona kama anakufa. Pumzi inatakiwa itolewe polepole ukiwa uso ndani ya maji, mapovu yatoke puani na kinywani. Ukigeuza kichwa, kazi yako ni kuvuta tu.

La pili ni kuinua kichwa juu kama kuku anayekunywa maji. Kichwa kikipanda, miguu inazama, na mwili unakuwa kama mtu anayepanda mlima. Angalia chini, shingo ilegee, mwili ulale.

La tatu ni kupiga maji kwa hasira. Misuli ya mapaja ni mikubwa, inakula hewa nyingi. Piga miguu kidogo tu, isaidie mwili kulala sawa. Mzee mmoja wa mwaloni anasema: "Maji haiogope nguvu yako." Ni kweli kabisa.

Hatua kwa hatua

Mazoezi yawe siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Kila mara nusu saa inatosha. Maji yasipite kifua, na mtu aogelee sambamba na ukingo, asiende kuelekea katikati ya ziwa.

Wiki ya kwanza na ya pili: usiende popote. Simama, weka uso majini, toa pumzi polepole, geuza kichwa, vuta. Mara kumi, pumzika, kisha tena. Halafu jifunze kuelea chali: masikio ndani ya maji, tumbo juu, kifua kimejaa hewa, mikono imefunguka. Mtu mzima akushike mgongo mpaka uzoee. Ukiweza kuelea huku ukihesabu mpaka 60, umepata kitanda chako cha kupumzikia. Hili ndilo somo kubwa kuliko yote.

Wiki ya tatu na ya nne: ogelea hatua kumi taratibu, simama, pumzika. Utajuaje kama umepumzika vya kutosha? Taja majina ya ndugu zako wote bila kukata pumzi. Kama huwezi, subiri. Rudia mara nane.

Wiki ya tano na ya sita: hatua ishirini, mara sita. Sasa usisimame tena katikati. Ukichoka, geuka chali, elea, pumua, halafu endelea.

Baada ya hapo acha kuhesabu hatua, hesabu dakika. Dakika tatu bila kugusa chini, kisha tano, nane, kumi. Ukishindwa wiki moja, rudi nyuma wiki moja, si aibu. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena tukumbushane shabaha. Hatufanyi haya ili mtu avuke ziwa. Upana wake ni kama kilomita 30, na upepo ukianza maji yanabadilika upesi. Tunafanya ili mtu aliyeanguka aweze kukaa juu mpaka asaidiwe.

Masharti ambayo hatupunguzi

Kwanza, asiogelee mtu peke yake, hata kama ni hodari. Mtu mzima akae ukingoni na jerikani tupu la lita 20, limefungwa mfuniko vizuri na kufungiwa kamba ndefu. Mtu akizidiwa, mrushie hilo, usimrukie. Anayezama anamkumbatia anayemwokoa, wanazama wawili. Na mjue kwamba anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa chake kiko majini. Basi macho yasimwache mtoto ili kuangalia simu.

Pili, ulizeni wavuvi kwanza. Wao wanajua mahali penye mamba na viboko, na mahali ambapo chini panakatika ghafla.

Tatu, kichocho, ambacho wengine wanaita bilhazia. Ziwa letu linacho, na vijidudu vyake vinatoka kwa konokono na kuingia kwenye ngozi bila mtu kusikia. Epukeni sehemu zenye majani na matope, lakini msijidanganye, hata maji safi kwa macho yanaweza kuwa navyo. Anayeingia ziwani mara kwa mara aende kituo cha afya akapimwe. Dawa ipo, inaitwa prazikwantel. Na tafadhali, mtu asijisaidie majini au ukingoni, hapo ndipo ugonjwa unapoanzia.

Nne, mwenye homa asiingie majini. Mwenye kifafa asiingie kabla ya kuongea na mganga wa kituo, na hata akiruhusiwa awe na mtu wa kumshika.

Tano, ndani ya mtumbwi kila mtu avae jaketi la kuokolea, hata anayejua kuogelea. Mawimbi ya usiku hayaulizi nani amefanya mazoezi.

Vijana wanatuuliza mara nyingi juu ya Yusra Mardini, yule msichana wa Syria. Mwaka 2015 injini ya mashua yao ilizimika kati ya Uturuki na Ugiriki, naye pamoja na dada yake Sara waliingia baharini, wakasaidia kuifikisha mashua nchi kavu baada ya saa zaidi ya tatu. Mwaka 2016 aliogelea Rio katika timu ya wakimbizi, pamoja na wacheza judo wawili kutoka Congo yetu, Popole Misenga na Yolande Mabika. Ni habari nzuri. Lakini msisahau kwamba Yusra alifundishwa kuogelea tangu utotoni. Pumzi ya siku ile aliijenga kwa miaka.

Na yule mama? Aliongea na mjomba, wakapatana. Kijana hatapanda mtumbwi mpaka aweze kukaa dakika kumi na tano bila kugusa chini, tena mchana, pale ukingoni. Mjomba anamfundisha. Kamba ya jerikani anaishika mama mwenyewe. Siku ya kwanza alikaa amegeuzia ziwa mgongo, akasema anaweza kushika kamba bila kuangalia. Tulimwambia hapana, mama, lazima uangalie. Sasa anaangalia. Wiki iliyopita alitutumia neno: kijana amefika dakika sita, na saa ya kuhesabia ni yake.

Mwezi ujao tutaongea juu ya homa ya malaria kwa watoto wadogo. Tuandikieni, au mje kama mama huyu, na swali tu. Mbaki na amani.