Mutoto wa violoni apewe wakati

Tarehe 4 ya mwezi wa 12, siku ya Sainte Barbe, tutaona tena batoto betu na violoni mbele ya bakubwa ba kampuni. Nyimbo munane, zote mbio mbio, makofi, imekwisha. Mimi nasema bapige mbili tu.

Bazazi, mufundishaji tunamulipa na mushahara wenye unatoka chini ya udongo. Basi tumulombe kazi ya kweli. Kupata noti haiko bado kupiga muziki. Sauti ya violoni inatoka mukono wa kuume: uzito wenye unaweka juu ya upinde, mbio yake, na fasi yenye unagusa kamba. Karibu na kale kaubao kenye kanabeba kamba, inalia kwa nguvu; ukisogea upande wa vidole, inasema chini chini. Mutoto avute noti moja, upinde wote, polepole, kila siku. (Inachokesha masikio ya nyumba, najua.) Na wimbo auimbe kwanza na kinywa, ajue fasi mutu anapumua.

Kule Kinshasa, Armand Diangienda alianzisha orkestra ya Kimbanguiste mwaka wa 1994. Bengi hawakujua kusoma muziki, na kamba ikikatika baliweka waya ya freni ya kinga. Leo banapiga Beethoven. Ile ilitaka miaka, haikutaka feti.

Kwa mukutano wa bazazi tulombe violoni moja kwa kila mutoto, ya kupeleka nyumbani. Batoto bane juu ya violoni moja, mukono wa nani utajifunza?