Linalonepa na Linalonesa

Kwa miaka mingi wapenzi wa lugha tumebishana kuhusu majina ya vitu vya kigeni: tuyakope, tuyatafsiri au tuyabuni upya? Mabishano hayo yana manufaa, lakini yana upofu mmoja. Tunazihangaikia nomino na kuvisahau vitenzi. Nadai kwamba utajiri wa Kiswahili katika ufundi umo zaidi ndani ya vitenzi vyake, na kwamba kitenzi kimoja kilichotumika mahali pake chaweza kumfaa mwenye gari kuliko ukurasa mzima wa istilahi mpya. Mfano wangu ni kifaa kidogo chenye vumbi na oili: shokapu.

Hapa Nyansurura, wilayani Serengeti, pikapu hubeba kila jambo: magunia ya mahindi, mabati ya nyumba mpya, mbuzi wa mnadani, mgonjwa anayekimbizwa Mugumu usiku wa manane. Barabara ya changarawe ikikaa muda mrefu bila kuchongwa hujikunja mawimbi-mawimbi, na kila wimbi ni pigo kwa gurudumu. Shokapu za nyuma za pikapu yangu zilipokwisha, nilizibadilisha hapa nyumbani, uani, nikisaidiwa na mpwa wangu ambaye ni fundi. Kazi ilitumia alasiri moja. Fikra ilizozizua zimedumu zaidi.

Tuanze na jina. Kwa Kiingereza kifaa hiki huitwa kwa maneno mawili yenye maana ya kitu kinachofyonza mshtuko, na wapo watafsiri waliolifuata jina hilo neno kwa neno wakapata “kifyonza mshtuko”. Tafsiri yao ni aminifu; kasoro imo katika jina lenyewe. Gurudumu linapogonga jiwe, springi ndiyo inayopokea pigo. Hubonyea na kuihifadhi nguvu ya pigo ndani yake. Lakini springi haijui kunyamaza. Ikishabonyea hufumka, ikishafumka hubonyea tena, na ikiachwa peke yake italichezesha gari mpaka nguvu iishe.

Shokapu imewekwa hapo ili kuukatiza mchezo huo. Ndani yake mna bomba lenye oili, na pistoni yenye vitundu vyembamba. Gari linapopanda na kushuka, oili hulazimishwa kupenya katika vitundu hivyo kwa shida, na nguvu iliyokuwa ikilichezesha gari hugeuka joto. Ndiyo maana shokapu nzima, ukiigusa baada ya safari ya barabara mbovu, utaikuta ina joto. Basi springi hupokea, shokapu hutuliza. Wahandisi wa Uingereza wenyewe hupendelea neno jingine lenye maana ya kutuliza, na Wafaransa husema amortisseur, kutokana na kitenzi chenye maana ya kufifisha nguvu ya kitu. Anayetafsiri jina bila kukitazama kitu huwarithisha wasomaji wake kosa la wengine.

Sasa tazama Kiswahili kilivyokuwa tayari. Tuna vitenzi viwili vinavyotofautiana kwa konsonanti moja tu: kunepa na kunesa. Ubao uliolazwa juu ya mtaro, ukielemewa na mzigo, hupinda katikati na kubaki hivyo: umenepa. Ubao huohuo ukikanyagwa na mtoto anayerukaruka, huinama na kuinuka, huinama na kuinuka: unanesa. Kunepa ni habari ya uzito. Kunesa ni habari ya mwendo.

Vipeleke vitenzi hivyo uvunguni mwa gari, uone kazi yake. Gari lililonepa nyuma hata likiwa tupu lina springi zilizochoka au kuvunjika. Gari linaloendelea kunesa baada ya kuvuka tuta lina shokapu zilizokwisha. Asiyezitenga hali hizi mbili hutupa fedha. Nimewaona watu wakinunua shokapu mpya kwa sababu pikapu imekaa chini kwa nyuma, ilhali shokapu ya kawaida haibebi mzigo. Nimewaona wengine wakiongeza chuma kwenye springi kwa sababu gari linarukaruka. Wote walirudi nyumbani na ugonjwa uleule.

Hasara haiishii mfukoni. Gurudumu linalonesa haliigusi ardhi sawasawa, na tairi lililo hewani halina msaada kwa breki wala kwa usukani. Katika kona ya changarawe, abiria wakiwa wameketi juu ya magunia, tofauti ya konsonanti moja yaweza kuwa tofauti ya kufika na kutofika.

Kazi yenyewe ya kubadilisha haina siri, na yeyote mwenye subira aweza kuifuata. Siku moja kabla, nati zenye kutu husuguliwa kwa brashi ya waya, zikamiminiwa mafuta na kuachwa zilale nayo. Gari huegeshwa mahali tambarare na pagumu, magurudumu ya mbele yakawekewa mawe. Nyuma huinuliwa kwa jeki, chesisi ikakalishwa juu ya stendi za chuma. Aingiaye chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu ameiweka roho yake rehani. Kisha jeki huhamishiwa chini ya ekseli ili isining'inie shokapu inapotoka. Bolti ya chini hufunguliwa, halafu ya juu.

Shokapu mpya ya oili husimamishwa wima, ikavutwa na kusukumwa mara kadhaa ili hewa iondoke, ndipo ifungwe. Bolti zinazopita katika bushi za mpira hukazwa kwa mara ya mwisho gari likiwa limekwisha kukanyaga ardhi kwa uzito wake. Zikikazwa gari likiwa juu, mpira hubaki umejipinda na kuchanika mapema. Hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Baada ya safari fupi, nati zote hukaguliwa tena.

“Mjomba, hii imekufa,” mpwa wangu aliniambia, akiisukuma shokapu ya kulia kwa kiganja. Fimbo yake ilizama bila ukinzani na haikurudi. Wasikilize mafundi wakiwa kazini: springi imechoka, tairi limeliwa, nati imegoma, shokapu imekufa. Nomino nyingi zimekopwa, vitenzi vyote ni vyetu, na karibu kila kitenzi ni sitiari. Katika wilaya ambayo majumbani husemwa Kikuria, Kingoreme na Kiikoma, Kiswahili hicho cha uvunguni huwaunganisha watu bila mkalimani.

Najua wako watakaosema kwamba kukubali neno “shokapu” ni kuichafua lugha. Nawaheshimu, lakini siwafuati. “Meza” tuliipata kwa Wareno, “gari” lilitoka Uhindi, na neno “shairi” lenyewe, ambalo twalitetea kwa jino na ukucha, asili yake ni Kiarabu. Shokapu limekwisha kuvaa mavazi ya nyumbani: silabi zake zote ni wazi, nalo hupatana kisarufi bila taabu. Shokapu hii, shokapu hizi. Zaidi ya hayo, kwa sikio la Mswahili halidai chochote kuhusu kufyonza, hivyo halimdanganyi mtu. Ni jina la kitu, basi.

Washairi wa arudhi wana sababu yao ya ziada. Katika kipande cha mizani nane, “kifyonza mshtuko” humeza sita na kumwachia mtunzi mbili za kuhemea. “Shokomzoba”, ninalolisikia kwa mafundi wa umri mkubwa, hula tano, na lina mvumo wa ngoma. “Shokapu” hula tatu. Gereji imelipima neno kabla yetu, ikalikata kwa kipimo cha ulimi unaofanya kazi.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe kwa sheria mwaka 1967, kazi ya kusanifu istilahi imepata chombo rasmi, na ni kazi njema. Ombi langu kwa wasanifu ni kwamba kabla ya kubuni jina wakae saa moja na fundi, wasikilize kitu hicho kinafanyaje kwa Kiswahili. Kwa washairi wenzangu ombi ni zito zaidi. Tumeiimba jahazi mpaka tanga likachakaa, ilhali pikapu inayopeleka mzazi hospitali haijapata beti zake. Tukiendelea kukiacha Kiswahili cha gereji bila tungo wala kamusi, vitenzi kama kunepa na kunesa vitafifia kimoja kimoja, na watoto wetu watakuwa na neno moja tu kwa magonjwa yote ya gari: “limeharibika”. Fundi atakayeletewa gari kwa neno hilo ataanza kwa kubahatisha, na atakayelipia bahati hiyo ni mwenye gari.