Herufi "S" na Sisi Watu wa Rusizi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme habari ya herufi moja ambayo imewanyima wengi wetu alama. Ni ile "s" ya Kiingereza iwekwayo mwishoni mwa kitendo, mtendaji akiwa mmoja asiye mimi wala wewe: "I work", lakini "she works".

Wako wanaosema ni uvivu wa wanafunzi. Mimi sikubali. Sisi huku Rusizi tumezoea kumtafuta mtendaji mwanzoni mwa neno. Kwa Kinyarwanda twasema "arakora" na "barakora". Kwa Kiswahili kisikikacho sokoni Kamembe na ng'ambo Bukavu, "anafanya" na "wanafanya". Kichwa cha neno ndicho kinachobadilika, mkia hautushughulishi. Tena wazee wetu waliosoma kwa Kifaransa hutuonya tusiitamke "s" ya "tu parles", nayo ni ya nafsi ya pili! Basi mtoto atokaye katika nyumba kama hiyo akiisahau "s" ya Kiingereza, ni ajabu gani?

Kosa, kwa maoni yangu, ni kuanza na ubao. Siku ya kwanza twaandikiwa kanuni, ongeza "es" baada ya s, x, z, ch na sh, nasi twaimba kama kasuku. Ingefaa kuanza na sikio. Jaribu, msomaji, kutamka "watch" kisha utie "s" tupu, ulimi utakwama. Ndiyo sababu ya kuwekwa irabu katikati, "watches", na "wash" ikawa "washes". "Dance" tayari ina "e", basi yatosha kuongeza "s". Aisikiaye silabi ile ya ziada hana haja kubwa ya orodha. "Y" ndiyo ya macho: ikitanguliwa na konsonanti hugeuka, "study" ikawa "studies", ikitanguliwa na irabu hukaa, "play" ikawa "plays". "Goes", "does" na "has" hazina budi kukaririwa. Ni chache, tusilie.

Rafiki yangu mmoja husema herufi hii ingefutwa kabisa, kwa kuwa "he" imekwisha kutuambia ni nani. Ana hoja, maana hata Uingereza kwenyewe, upande wa Norfolk, wako wenyeji wasemao "he go". Lakini msahihishaji wetu hakutoka Norfolk.

Linalonichoma ni hili. Tangu mwaka 2009 shule zetu zinafundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, kwa hiyo "s" hii hutufuata mpaka katika masomo mengine. Mwenzangu aliandika katika jaribio la biolojia "the heart pump blood", akakatwa alama. Je, hakujua kazi ya moyo? Mwalimu wa Kiingereza na akate, ni haki yake. Wa biolojia aizungushie wino mwekundu, halafu ampe mwanafunzi alama yake.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita