Mali na Mwenendo

Ndugu msomaji, wazee wetu husema: "Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba." Maana yake ni kwamba mara nyingi watu hawatazami matendo ya mtu. Wanatazama mfuko wake.

Jambo hili haliko kwetu tu. Katika nchi ya India kuna lugha ya kale iitwayo Kisanskriti. Zamani sana mshairi Bhartrihari alitunga beti kama mia moja juu ya mwenendo wa maisha. Katika ubeti mmoja aliwacheka watu. Aliona kuwa mtu akipata mali, mara huhesabiwa kuwa wa ukoo bora. Huitwa msomi. Akisema, husifiwa. Hata sura yake huonekana nzuri. Kumbe kinachosifiwa ni dhahabu yake.

Je, dhahabu inaweza kumpa mtu utu? Tusikilize kisa kilichomo katika utenzi mrefu wa Wahindi uitwao Mahabharata.

Mfalme Dhritarashtra alikuwa kipofu. Mwanawe Duryodhana aliwaonea wivu binamu zake. Wakaitwa kucheza kamari ya dadu. Mchezo ulikuwa wa hila. Binamu zake wakapoteza mali yote na ufalme wao. Wakaishi porini miaka 12, na mwaka mmoja zaidi wakajificha. Waliporudi kudai haki yao, Duryodhana alikataa.

Usiku mmoja mfalme alikosa usingizi. Akamwita ndugu yake, Vidura. Vidura alizaliwa na mtumishi wa kike, kwa hiyo hakuweza kutawala. Lakini alikuwa na hekima nyingi.

Kwa Kisanskriti mali ni *vitta*, na mwenendo mwema ni *vritta*. Maneno haya yanakaribiana kwa sauti, lakini hayalingani kwa uzito. Vidura alimweleza mfalme kwamba aliyepungukiwa mali bado ni mtu kamili. Aliyepoteza mwenendo mwema ndiye aliyekwisha. Akamshauri awarudishie watoto wa ndugu yao haki yao.

Mfalme alisifu maneno hayo. Lakini hakuwa na moyo wa kumkataza mwanawe. Vita vikapiganwa siku 18. Wana 100 wa mfalme na malkia wake wakafa wote. Mali waliyoing'ang'ania haikuwaokoa.

Ndugu msomaji, aliyesema kweli alikuwa mtoto wa mtumishi. Aliyekosea alikuwa mwenye hazina. Basi tukikutana katika mkutano wa kijiji, tupime neno kabla ya kutazama nguo za msemaji. Maskini akisema kweli, tumfuate. Tajiri akidhulumu shamba la mjane, tumwambie bila woga.

Maswali ya kuzungumza:

1. Kwa nini mfalme hakufuata shauri alilolisifu?
2. Katika mikutano yetu, ni nani husikilizwa, na ni nani hanyamaziwi ili aseme?
3. Mtoto wako akichukua kisicho chake, utafanya nini?