Magauni Mekundu na Hasira Yetu



Tafakari ya juma hili inahusu picha. Si picha takatifu zile tunazozitundika sebuleni, bali picha moja ya habari, iliyopigwa kando ya barabara huko Kanada mwezi Juni 2021. Waamini kadhaa wamenionyesha picha hiyo katika simu zao, baadhi kwa huzuni, wengi zaidi kwa hasira, na swali lao limekuwa lile lile: kwa nini waamuzi wa shindano kubwa namna ile waliichagua picha inayolifedhehesha Kanisa? Nitajibu bila kumung'unya maneno. Waamuzi walichagua vema, na hasira yetu imepotea njia.

Shindano lenyewe ni World Press Photo. Lilianzishwa Uholanzi mwaka 1955, na kila mwaka picha zilizoshinda huzungushwa katika makumbusho na kumbi za nchi nyingi. Kwa miongo mingi dunia nzima ilipimwa kwa mizani moja iliyokuwa Amsterdam, na bara letu liliingia kwenye kuta hizo hasa kwa njaa, vita na maiti. Aliyeshika kamera mara nyingi alikuwa mgeni mwenye tiketi ya kurudi kwao. Kuanzia shindano la mwaka 2022 utaratibu ulibadilishwa. Dunia iligawanywa katika kanda sita, kila kanda ikapewa waamuzi wanaoijua. Hao huchagua kwanza, kisha jopo la dunia huteua mshindi miongoni mwa wale waliokwisha kuchaguliwa. (Utaratibu huu nao una kasoro: kanda huhesabiwa kwa mahali picha ilipopigwa, si kwa nchi ya mpiga picha, hivyo mgeni bado aweza kushinda kwa machozi yetu.) Mwaka huo zililetwa picha zaidi ya 64,000 za wapiga picha zaidi ya 4,000 kutoka nchi 130. Iliyozishinda zote ilitoka kanda ya Amerika ya Kaskazini na ya Kati, nayo ni kazi ya Amber Bracken wa Kanada, aliyeipigia gazeti la The New York Times. Ilitangazwa tarehe 7 Aprili 2022, tukiwa bado katika Kwaresima.

Nawaomba muitazame kabla ya kuisemea. Kuna misalaba ya mbao iliyosimikwa kando ya barabara, na juu yake yametundikwa magauni mekundu. Nyuma yake ni mawingu, na upinde wa mvua umeshuka hadi chini. Basi. Hakuna mtu. Tangu shindano hilo lianze, haikuwahi kutokea picha isiyo na mtu hata mmoja ndani yake ikapewa tuzo kuu ya mwaka.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Wengi wetu tunaikumbuka picha ya mwaka 1993 kutoka Ayod, katika Sudan ya wakati ule: mtoto ameinama chini kwa njaa, na hatua chache nyuma yake yupo tumbusi. Picha ile ilizunguka dunia, na mwaka 1994 mpiga picha akapewa Tuzo ya Pulitzer, ambayo ni tuzo nyingine ya waamuzi. Siku ile tuzo inatolewa, hakuna aliyelijua jina la mtoto, wala kama alipona. Mwili wake ulitosha. Sisi Waafrika tumezoea kutazamwa hivyo hata tumeanza kuamini kwamba mateso hayasadikiki mpaka ngozi na mbavu zionekane. Waamuzi wanaoishi kando ya jeraha hawahitaji mbavu. Nchini Kanada, gauni jekundu lililotundikwa tupu lilikwisha kuwa ishara ya wanawake na wasichana wa watu asilia waliouawa au kutoweka, tangu msanii Jaime Black alipoanza kuyatundika hadharani mwaka 2010. Mtu wa mbali angeona nguo iliyoanikwa. Mtu wa pale huona nani hayumo ndani yake.

Na kwa kanda ya Afrika, mwaka ule ule, picha moja moja iliyoshinda ilitoka tena Sudan, safari hii kwa mkono wa Msudani, Faiz Abubakr Mohamed. Inaonyesha mwandamanaji wa Khartoum akilirusha bomu la machozi kuwarudishia waliolifyatua. Kutoka yule mtoto aliyeinama hadi huyu aliyesimama ilipita karibu miaka 30. Sidai kwamba njaa ilikwisha au kwamba vita vilikoma; twajua yaliyoipata Sudan tangu Aprili 2023. Nasema tu kwamba ukibadili waamuzi, hubadilika pia kile wanachokiona.

Sasa tuyajibu manung'uniko.

La kwanza ni kwamba picha ni ya uongo, kwa sababu makaburi hayajathibitishwa. Tuseme kweli yote. Mwezi Mei 2021 jamii ya Tk'emlúps te Secwépemc ilitangaza kwamba uchunguzi wa rada karibu na iliyokuwa shule ya bweni ya Kamloops ulionyesha dalili za makaburi 215. Julai mwaka huo mtaalamu aliyefanya uchunguzi akaishusha hesabu hadi takriban 200. Rada huonyesha udongo uliowahi kuvurugwa, haionyeshi mifupa. Wale walioandika kwamba miili imekwisha kufukuliwa walikosea, na wanastahili kusahihishwa. Lakini picha haionyeshi kaburi wala mfupa. Inaonyesha watu wakiwakumbuka watoto, na watoto hao walikufa, rada iwepo au isiwepo. Miaka 6 kabla ya rada, yaani mwaka 2015, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilikuwa imekwisha kuorodhesha vifo zaidi ya 3,000 katika shule za namna hiyo nchini kote. Kati ya vifo hivyo, karibu theluthi moja havikuwa na jina la mtoto katika kumbukumbu za serikali wala za shule.

Rudieni sentensi hiyo. Ni kifo kimeandikwa, jina halikuandikwa.

Ndugu wapendwa, sisi ni watu wa vitabu vya parokia. Sheria ya Kanisa inamwagiza paroko kuandika bila kukawia jina la kila abatizwaye, la wazazi wake na la msimamizi wake. Ni kanuni ya 877. Kanuni ya 1182 inaagiza kwamba baada ya maziko jina liandikwe katika kitabu cha marehemu, na Sheria ya mwaka 1917, iliyotawala shule zile zilipokuwa zimejaa, ilisema vivyo hivyo. Nani asiyejua jinsi tunavyowasumbua watu kwa herufi moja ya jina pale cheti cha ubatizo kinapohitajika kwa ndoa? Basi tusitafute nje ya nyumba yetu kipimo cha kulipima jambo hili. Mtoto aliyekufa bwenini bila jina lake kuandikwa hakukosewa na sheria za dunia peke yake.

Nung'uniko la pili nalisikia kwa wazee, na nalisikia kwa heshima: kwamba hata sisi tulisomeshwa na wamisionari katika shule za bweni, tukachapwa, na tazama leo tu watu. Mimi mwenyewe ni tunda la seminari ndogo, na siwezi kuitukana mikono iliyonipa kalamu. Ila mzee wangu, wewe ulipelekwa na baba yako, akiwa ameuza mbuzi ili upate sanduku na blanketi. Likizo ulirudi nyumbani na mama yako akakusikiliza ukisimulia kwa lugha yake. Kule, tangu mwaka 1920, sheria iliwapa maofisa uwezo wa kumtoa mtoto kwa nguvu, na nia iliyotajwa wazi ilikuwa kuufuta uzawa wake, kuanzia ulimi. Zaidi ya watoto 150,000 walipitia mfumo huo. Kamloops ilifunguliwa mwaka 1890, ikawa chini ya Kanisa letu, hasa Waoblati wa Maria Imakulata, hadi serikali ilipoishika mwaka 1969. Nyumba hizo mbili kuitwa kwa jina moja, bweni, hakuzifanyi kuwa nyumba moja.

La tatu ndilo linaloniudhi, kwa kuwa lasemwa na watu wanaosali sana: kwamba waamuzi wale ni maadui wa Kanisa. Tarehe 1 Aprili 2022, siku 6 kabla ya tuzo kutangazwa, Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, aliwapokea Vatikano wajumbe wa watu asilia wa Kanada akawaomba msamaha. Mwezi Julai alisafiri hadi kwao, mzee mwenye goti bovu katika kiti cha magurudumu, na tarehe 25 huko Maskwacis akaomba msamaha tena mbele ya manusura. Naye ni adui? Yeye na waamuzi wa picha hawakukaa kikao kimoja. Walitazama kitu kimoja.

Yapo pia ya kuwashutumu waamuzi hao, na simwonei haya mtu. Tuzo humtajirisha jina mpiga picha kuliko waliopigwa. Maonyesho hugeuka matembezi ya Jumamosi, mtu akatoka kwenye msiba mmoja kwenda mwingine akiwa na kahawa mkononi. Hata hivyo picha hii iliponyongwa ukutani mwaka ule, huko Amsterdam ilionyeshwa katika De Nieuwe Kerk, jengo la kanisa lililoanza kujengwa zama za kati, kabla ya Uprotestanti, na ambalo siku hizi ni ukumbi wa maonyesho. Sisi tulikuwa tumeacha kuitazama misalaba ile ya barabarani. Waliokuja kuirudisha ndani ya kuta za kanisa ni waamuzi wa picha.

Nimeibandika nakala yake kwenye ubao wa matangazo, kushoto kwa ratiba ya Misa. Kuna aliyekwisha kuiondoa mara moja, nimeirudisha. Mwenye kutaka tubishane, ofisi iko wazi Jumanne na Alhamisi baada ya Misa ya asubuhi, na nitafurahi kumpokea, mradi aje akiwa ameyahesabu magauni.